Barbados peke yako kwa dola 60 kwa siku: inawezekana au tunadanganyana?

#1 Mwanamaji Mkavu
Wakuu, salaam. Naleta dai, mlipasue.

Mtanzania na Mkenya hawahitaji visa ya utalii kuingia Barbados. Kisiwa hicho cha Karibi ni kilomita 34 kwa 23, basi linafika karibu kila kona kwa nauli moja, fukwe zote ni za umma, maji ya bomba yananywewa. Dola yao imefungwa tangu 1975: mbili za kwao kwa moja ya Marekani, hakuna kubahatisha. Hesabu ya mtu mmoja, siku 10, ukiacha tiketi, kwa dola za Marekani: chumba 38, chakula 14, basi 5, mengineyo 3. Jumla 60 kwa siku.

Nasema anayejua kugombea daladala na kujipikia atamaliza siku kumi Barbados kwa hela pungufu ya anayelala ufukweni Nungwi na kula hotelini. Anayebisha aonyeshe hela inavujia wapi.

#2 Mhasibu wa Mtaa
Inavujia chumbani, hata begi hujafungua. Hiyo 38 ni bei ya kwenye picha. Chukua 38 mara usiku 10, 380. Ongeza ada ya usafi, tuseme 40, inakuwa 420. VAT ya malazi ni asilimia 10, unafika 462. Hapo bado tozo ya chumba ya kila usiku na ada ya tovuti uliyoagizia. Kwa hiyo 38 yako imeshapita 46, na hujalala.

Halafu wenye vyumba wanauza chumba, si kichwa. Wawili wanagawana, wewe wa peke yako unalipia na kitanda cha mwenzio ambaye hayupo. Mabweni ya wasafiri ya kulala kitanda kimoja kimoja ni machache mno kule. Kabla ya kulipa andika ujumbe mmoja tu: "Hii ni jumla, kodi na tozo zote zimo?" Asipojibu waziwazi, hazimo.

#3 Mpita Njia
Mmeruka ukurasa wa kwanza. Visa ya Barbados huhitaji, ya njiani unahitaji. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar wala Nairobi, lazima upitie kwa mtu.

London ndiyo njia iliyozoeleka. Pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha ya Uingereza ya wanaohitaji visa hata ya kubadilisha ndege bila kuvuka uhamiaji. Ada yake haifiki paundi 50. Lakini inakufaa iwapo tu safari yote iko kwenye tiketi moja na begi limebandikwa lebo hadi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Ukiunganisha tiketi mbili za bei chee, begi linatokea Heathrow, unalazimika kuvuka mpaka kulichukua, na visa hiyo haivuki mpaka. Hapo unatakiwa uwe na visa ya mgeni anayepita, ambayo ni ghali zaidi na inakupa saa 48. Kufika Heathrow na kuondokea Gatwick, uwanja mwingine wa London, ni hivyo hivyo.

Tiketi mbili "za bei poa" zimewakwamisha watu kaunta ya kuondokea hapa hapa nyumbani. Shirika halikupandishi.

#4 Wa Thika Road
Kwa hivyo haina visa, lakini visa vyake ni vingi 😂

#5 Bint Pangani
Na Miami je? Nauli huwa inashuka.

#6 Mpita Njia
@Bint Pangani Marekani hawana kubadilisha ndege bila visa. Hata ukikaa saa mbili kwenye kiti, unaingia nchini kwao kisheria. Ada ya maombi ni dola 185, hairudi ukinyimwa, na masharti yao kwa pasi za Kiafrika yanabadilika mno kupangia bajeti juu yake. Ila ukiwa nayo tayari na ni hai, inakuondolea ile visa ya kupita Uingereza bila kuvuka mpaka.

#7 Mswahili wa Leiden
Nyongeza kwa @Mpita Njia: iko pia Amsterdam. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen (nchi za Ulaya zenye visa moja) ya visa ya kupita uwanjani. Kongo ya Kinshasa imo. Nchi moja moja zina orodha zao za ziada, kwa hiyo angalia ya nchi ile unayopitia. Tatizo ni kwamba ndege za kwenda Barbados kutoka Ulaya bara ni za majira ya baridi ya huku, na vyumba kule vinashuka bei katikati ya Aprili hadi katikati ya Desemba. Ukipata njia nafuu, chumba kiko juu. Chumba kikishuka, unarudi London.

#8 Chaza
Mnajitesa. Mtu ashukie kisiwa chochote chenye nauli ya chini, kisha apande boti hadi Barbados. Kama Dar na Unguja.

#9 Nahodha Mstaafu
@Chaza hapo umechemka, mkuu. Barbados haimo kwenye mstari wa visiwa vile vingine. Imejitenga mashariki, kilomita kama 160 za bahari ya wazi kutoka St. Vincent, na hakuna boti ya abiria ya ratiba. Boti za abiria zipo kati ya Guadeloupe, Dominica, Martinique na St. Lucia, tena usijipeleke kichwakichwa: Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa lakini hazimo Schengen, visa ya Schengen ya kawaida haikuingizi. Kutoka Barbados kwenda kisiwa jirani ni ndege, na nauli yake fupi ile imejaa kodi za viwanja viwili. Bajeti ndogo ina maana kisiwa kimoja, basi.

#10 Chaza
Nimekaa.

#11 Konda wa Zamani
Turudi kwenye basi, maana #1 kaandika dola 5 kama anayekisia. Nauli ni 3.50 za Bajan (ndivyo wanavyojiita, na hela yao hivyo hivyo). Ni 1.75 ya Marekani kwa kupanda mara moja, uwe umeshukia kituo cha pili au mwisho wa kisiwa. Hakuna tiketi ya kuunganisha. Anayelala Silver Sands, kusini, akitaka Speightstown, kaskazini, anashuka Bridgetown na kulipa upya: kwenda mara mbili, kurudi mara mbili, 14 za Bajan, dola 7. Dola 5 haikurudishi nyumbani.

Magari ni ya aina tatu:

Ya bluu ni ya serikali, Transport Board. Hayana chenji kabisa, unatumbukiza hela kamili kwenye kisanduku cha dereva. Ukiweka noti ya 10, umechangia serikali.

Ya njano ni mabasi madogo ya watu binafsi. Chenji ipo.

Meupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee ndiyo ZR, jina limetokana na herufi za kibao cha namba. Hiki ni kipanya chenu kile kile: konda, muziki wa kupasua kifua, "sogea kidogo" hata pasipo na pa kusogea. Njia namba 11 inashika pwani ya kusini, Bridgetown, Worthing, Oistins hadi Silver Sands, na zinafuatana.

Vituoni kuna kibao: "To City" ni kuelekea Bridgetown, "Out of City" ni kutoka. Wageni husimama upande usio wao na kushangaa basi kuwapita. Na nyoosha mkono, gari halisimami kwa kukuona tu umesimama.

#12 Wa Thika Road
Basi mtu wa matatu hana cha kujifunza hapo.

#13 Konda wa Zamani
Anacho: sarafu. Hawana ya senti 50. 3.50 kamili ni noti ya bluu ya 2, sarafu ya dola 1 yenye pembe saba, na robo mbili za senti 25. Kila unaponunua mkate, robo usizitumie, weka mfuko wa peke yake. Ukikosa robo alfajiri na linalokuja ni la bluu, ama unalipa 4 ama unasubiri ZR.

#14 Bint Pangani
Kutoka uwanja wa ndege vipi? Begi moja la mgongoni, mtu wa peke yake, na ni mwanamke.

#15 Konda wa Zamani
Mchana, basi. Linapita barabarani nje ya uwanja, na kuna la kwenda Speightstown lisilopita mjini kabisa. Tatizo la kwanza ni hela: umetoka na dola za Marekani, basi la bluu linataka za kwao kamili. Badili kidogo ndani, au nunua maji dukani upewe chenji ya Bajan.

Usiku, teksi. Kibao chake kinaanza na Z. Hazina mita, bei ziko kwa maeneo. Swali moja kabla ya mlango kufungwa: "Bajan or US?" Neno "dola" pale lina maana mbili, na moja ni maradufu ya nyingine. Wengi hawakuibii, wewe ndiye hukuuliza.

#16 Dada Mkunga
@Bint Pangani kwa mwanamke wa peke yake jambo la kwanza ni chumba kilipo, bei baadaye. Kiwe hatua mia, mia mbili kutoka barabara ya ZR, siyo "dakika 15 kwa miguu" za kwenye tangazo. Jua linazama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kama kwetu, na vichochoro vingi havina njia ya miguu wala taa. Ukiokoa dola 8 kwenye chumba cha ndani kisha ulipe teksi kila jioni, umepata hasara. Worthing na Oistins zina watu barabarani hadi usiku. Bathsheba, upande wa mashariki, ni pazuri kwa macho, lakini mabasi yake ni ya kuhesabu. Ukienda, uliza saa za kurudi kabla hujashuka.

#17 Fundi Sakiti
Nimeona kwenye uzi mwingine watu wanashauriwa wabebe jagi la umeme ama hita ya kuchemshia maji wakapike ndizi. Hapana. Barbados ni volti 115, hezi 50, soketi za pini bapa mbili kama za Marekani. Kifaa cha volti 240 ukikichomeka huko kinatoa nguvu ya 115 kwa 240 kipeo cha pili, yaani asilimia 23. Jagi la wati 2000 linakuwa la wati 460 hivi. Maji yatapata uvuguvugu, wewe utapata njaa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100-240V haina shida, inataka adapta ya pini tu. Pasi ya nywele iache.

#18 Mwanamaji Mkavu
Basi nakodi chumba chenye jiko. Chakula dola 14 nasimamia.

#19 Mama Shelisheli
Inawezekana, ila ule cha kwao. Na cha kwao mbona ni cha kwetu?

Cou-cou ni unga wa mahindi na bamia. Bamia zinachemshwa kwanza, yale maji yake ya mlenda yanachujwa pembeni na kurudishwa kidogo kidogo huku unga unasongwa kwa mwiko bapa. Ugali laini, basi, unaolala kwenye mchuzi wa samaki. Wali wao "wa peas" mara nyingi ni wali wa mbaazi. Shelisheli iko tele, ya kuchoma na ya kuponda. Viazi vitamu, viazi vikuu, vyote sokoni Cheapside, Bridgetown. Nenda Jumamosi asubuhi.

Cha haraka ni "cutter", mkate wao wa mviringo uliopasuliwa ukatiwa samaki, jibini au nyama. Uliza kwanza nyama gani. "Bread and two" ni mkate huo huo na kababu mbili za samaki, inashikilia hadi mchana. Sahani ya mchana kwenye gari la chakula ni takriban 18 hadi 25 za Bajan. Oistins Ijumaa usiku ni raha, lakini sahani ya samaki wa kuchoma inapita 35. Fanya mara moja.

Waislamu: "pudding and souse" ya Jumamosi ni nguruwe. Hata "pudding" yenyewe, japo ni viazi vitamu, kiasili hutiwa kwenye utumbo wake.

#20 Mhasibu wa Mtaa
Bado hamjasema kwa nini chakula kiko juu. Ni kwa sababu kinakuja kwa meli. Ardhi ililiwa na miwa tangu miaka ya 1640, na mpaka leo kisiwa hakijilishi. Juu yake VAT ya asilimia 17.5.

#21 Karafuu Mbichi
@Mhasibu nusu kweli. Kuna kapu la vyakula vya msingi lisilotozwa VAT. Kinachomuumiza mgeni ni mazoea: jibini, nafaka za boksi, juisi ya pakiti. Anayenunua unga, mchele, kunde na samaki haoni maajabu.

#22 Mtumwa wa Mshahara
Mimi nabisha wote wawili. Kima cha chini kule kilipandishwa hadi 10.50 za kwao kwa saa mwezi Juni 2025, zaidi ya dola 5 za Marekani. Kila kinachohitaji mkono wa mtu, teksi, usafi wa chumba, sahani iliyopikwa, lazima kiwe juu. Si nchi maskini, sisi tumezoea kwenda likizo kwa watu wanaolipwa kidogo.

#23 Nahodha Mstaafu
Au ni hiyo dola iliyofungwa. Shilingi ikiyumba, wao hawayumbi. Bei inapanda kwako, siyo kwao.

#24 Karafuu Mbichi
Nahodha, hiyo inaeleza kwa nini ni ghali kwako. Haielezi kwa nini Mwingereza naye analia.

#25 Nahodha Mstaafu
Mwingereza analia hata bure.

#26 Dada Mkunga
Niweke ya hatari kabla uzi haujageuka bunge.

Manchineel: mti wa ufukweni, majani ya kijani yanayong'aa, tunda kama tofaa dogo la kijani. Utomvu unachoma ngozi na kutoa malengelenge, tunda haliliwi. Mingi imepakwa mkanda mwekundu shinani. Mvua ikinyesha usijikinge chini yake, matone yanashuka na utomvu.

Mashariki, Bathsheba, bahari ni ya watelezaji mawimbi. Kuogelea wazi pale hapana, watu hujilaza kwenye vidimbwi vya miamba maji yakiwa yametulia. Kuogelea ni magharibi na kusini.

Nguo za mabaka ya kijeshi ni kosa kisheria, hata za mtoto, hata kofia. Zinachukuliwa.

Malaria hakuna. Denge ipo, mbu wake anauma mchana.

#27 Kadi ya Njano
Na cheti cha homa ya manjano. Tanzania mara nyingi haihesabiwi, tusibebe.

#28 Dada Mkunga
Bebeni. Kenya na Uganda ni nchi za hatari kwa orodha ya WHO. Mtanzania akikaa uwanja wa Nairobi au Addis zaidi ya saa 12, anaweza kuhesabiwa ametokea huko. Sindano iwe imepita siku 10 kabla ya kufika, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi bado hai.

#29 Kadi ya Njano
Lakini sheria yenyewe haimtaji Mtanzania.

#30 Mpita Njia
Sheria haikai kaunta. Anayekaa kaunta ni kijana wa shirika la ndege mwenye foleni nyuma yako. Karatasi moja ya njano, uzito gramu ngapi? Pia weka tayari tiketi ya kurudi, anwani ya unapolala, na fomu yao ya uhamiaji na forodha inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu ni bure. Tovuti ikikudai dola kuijaza, siyo ya serikali.

#31 Bint Pangani
Mwezi gani sasa? Septemba nimeona vyumba vimeporomoka.

#32 Nahodha Mstaafu
Vimeporomoka kwa sababu ni kilele cha vimbunga. Msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30. Barbados iko mashariki mno, vingi vinapinda kaskazini kabla ya kuigusa. Baada ya Janet wa 1955, kimbunga kamili hakikuipiga hadi Elsa, Julai 2021. Lakini Julai 2024 Beryl alipita kusini tu, bila kutua, na mawimbi yake yakavunja mashua za wavuvi bandarini. Kwa hiyo "haipigwi" siyo "haiguswi". Tiketi isiyobadilishika Septemba ni kamari.

Aprili mwishoni na Mei ndiyo shabaha yangu: bei imeshashuka, vimbunga bado, na samaki anayeruka bado yupo, msimu wake ni Desemba hadi Juni hivi. Kasoro ni mwani wa sargassum, unajaa pwani ya mashariki na kusini na kunuka kama mayai viza. Magharibi haupati sana. Mwanzo wa Agosti kwepa: Crop Over, tamasha lao la mavuno, kilele chake Jumatatu ya kwanza, vyumba hakuna.

#33 Karafuu Mbichi
@Nahodha Mei mwani, Septemba upepo, Januari bei. Bora abaki Pemba.

#34 Mwanamaji Mkavu
Nimesoma yote, shukrani. Napanga upya: chumba 47, chakula 15 kwa jiko na cutter, basi 7, mengineyo 3. Inakuwa 72. Burudani sifuri: kasa na meli zilizozama za Carlisle Bay zinaonekana kwa miwani ya kuzamia, unaogelea kutoka mchangani bila boti. Kiti cha ufukweni sikodi, nina kanga.

#35 Mhasibu wa Mtaa
72 bado hujaweka makato ya kadi yako kwenye ATM. Sema 80.

#36 Mama Shelisheli
Msimtishe. Akipata shelisheli moja kubwa, chakula siku mbili kinashuka hadi 10.

#37 Mtumwa wa Mshahara
Siku mbili shelisheli tupu?

#38 Mama Shelisheli
Siku ya kwanza ya kuchoma, ya pili ya nazi. Nazi zipo.

#39 Konda wa Zamani
@Mwanamaji zile robo ulizokusanya zimalizie kwenye basi la kwenda uwanjani. Benki nje ya Barbados hazitaki hela yao, na kuigeuza dola ya Marekani kule kule kuna makato ya asilimia 2. Siku ya mwisho baki na 3.50 tu.

#40 Wa Thika Road
7. Akikosea kituo je?